Spea ambayo haijajaribiwa, abiria ndiye anayeijaribu

Na Mwandishi Wetu, Minago

KILA alfajiri magari madogo ya abiria hupita hapa Minago yakielekea Rumonge, Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina. Ndani yake wamo akina mama wanaopeleka mafuta ya mawese na ndagala, vijana wanaofuata vitenge na sabuni Manyovu, na wazee waliokuwa ukimbizini ambao bado wana ndugu Kigoma, Kasulu na Mpanda. Kila mmoja ameuliza nauli. Wengi wameuliza kama mzigo utafika salama. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza hali ya miguu ya gari.

Miguu ya gari, kama wanavyosema mafundi wa Kigoma, ni vile vyuma na raba vilivyo kati ya bodi na matairi: springi, shokapu, bushi, bolijointi na tairodi. Mafundi wa Bujumbura waliojifunza kazi kwa Kifaransa huita bolijointi kwa jina la rotuli. Ukitaka spea upande huu wa mpaka na ule, yakupasa kuyajua majina yote mawili. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tumezoea mambo ya namna hiyo.

Injini ikifa, gari husimama na abiria hushuka akilalamika. Bolijointi ikichomoka, tairi hulala, usukani haushiki tena, na gari huenda linakotaka lenyewe. Kwenye barabara yetu, ambayo kwa sehemu kubwa ina ziwa upande mmoja na mlima upande wa pili, hakuna nafasi ya gari kwenda linakotaka.

Swali la makala hii ni moja: spea hiyo unayoikalia, nani aliijaribu kabla yako?

Waya wa darasani

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Mishamo, katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule, baada ya wazazi wangu kukimbia kutoka ufuko huu mwaka 1972. Nilisoma shule za Tanzania na nikarudi Burundi mwaka 2009. Leo nafundisha fizikia kwa Kifaransa, nafafanua kwa Kirundi, lakini mambo ya chuma niliyajua kwanza kwa Kiswahili, kwenye malori yaliyokuja kuchukua mahindi na tumbaku ya wakimbizi.

Darasani huwapa wanafunzi kipande cha waya wa kufungia mabati. Nawaambia waukunje na kuukunjua palepale, huku wakihesabu. Mara ya kwanza hakuna kinachotokea. Mara ya tano waya unapata joto. Baadaye kidogo unakatika, na aliyeushika hakutumia nguvu kubwa kuliko ya mara ya kwanza. Ukiutazama mwanzoni hauoni dalili yoyote, maana ufa huanza mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Huo ndio uchovu wa chuma. Watu walianza kuuelewa kwa gharama ya damu. Mwaka 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika, na watu zaidi ya 50 walikufa katika ajali na moto uliofuata. Ekseli ile haikuvunjwa na pigo moja kubwa. Ilikuwa imezunguka chini ya uzito siku nyingi mpaka ikachoka. Miaka iliyofuata mhandisi Mjerumani August Wöhler alitengeneza mashine za kuzungusha na kukunja ekseli za reli mara nyingi sana, ili ajue zinakatika baada ya mizunguko mingapi. Kazi yake ndiyo msingi wa majaribio yote ya ustahimilivu yaliyokuja baadaye.

Kwa hiyo nguvu ya chuma haijulikani kwa kukitazama wala kwa kukigonga mara moja. Hujulikana kwa kukichosha, tena kwa kuhesabu.

Maili 15,000 na sarafu chache

Magari ya kwanza yalirithi miguu ya magari ya farasi. Springi zilikuwa pleti za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ekseli ya mbele ilikuwa chuma kimoja kizima. Tofauti ni kwamba gari la farasi lilikwenda polepole na farasi aliona shimo mapema. Gari la injini lilikwenda mbio kwenye barabara ileile ya mawe, na kila shimo lilipiga pini na viungo vya usukani. Watengenezaji walitambua upesi kwamba mnunuzi hatawaamini kwa maneno matupu.

Mwaka 1900 chama cha wenye magari cha Uingereza kiliandaa jaribio la maili 1,000, kutoka London hadi Edinburgh na kurudi. Magari 65 yalianza safari hiyo. Watu wa miji mingi walikuwa hawajawahi kuliona gari, na hapo walilishuhudia likipanda milima, likivunjika na kutengenezwa.

Jaribio lililobaki kwenye historia zaidi ni la mwaka 1907. Kampuni ya Rolls-Royce ilichukua gari lake lililoitwa Silver Ghost na kuliendesha kati ya London na Glasgow, kwenda na kurudi, mpaka likamaliza maili 15,000, yaani kilomita kama 24,000. Wakaguzi wa chama cha magari walisimamia. Mwisho wa safari gari lilifunguliwa na kila kipande kikapimwa ili kuona kimelika kiasi gani. Gharama ya vipuri vilivyobadilishwa ilikuwa pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Miongoni mwa vitu hivyo vichache vilikuwamo vipande vidogo vya usukani.

Hapo pana fundisho. Hata gari lililosifiwa kuliko yote wakati wake, viungo vya usukani ndivyo vilivyoonyesha kulika. Kampuni haikuficha jambo hilo. Ililipima, ikaliandikia bei na kulitangaza. Baadaye kiwandani Derby walitumia pia mashine iliyolitikisa gari likiwa limesimama, magurudumu yakirushwa juu na chini kana kwamba lipo kwenye barabara mbovu, ili kipande dhaifu kikatike mbele ya macho ya mhandisi, si chini ya mteja.

Huko Marekani, Henry Ford alichukua njia nyingine. Gari lake la Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilitumia chuma kilichochanganywa na vanadiumu, chepesi lakini kigumu kuchoka, na miguu yake iliachwa ijipinde kufuata barabara badala ya kupingana nayo. Ndiyo maana gari lile jepesi liliweza kupita mashamba na tope. Zaidi ya milioni 15 yalitengenezwa hadi mwaka 1927.

Kutoka Dar es Salaam mwaka 1907

Mwaka uleule wa 1907 lilifanyika jaribio jingine, tena kwenye udongo wetu wa Afrika Mashariki. Tarehe 10 Agosti ofisa wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa na kiwanda cha Gaggenau. Alikusudia kuvuka Afrika kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Alipita koloni la Kijerumani, Rhodesia zote mbili na jangwa la Kalahari, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari kuvuka bara hili kutoka pwani hadi pwani.

Fanya hesabu, ndugu msomaji. Umbali wa kilomita kama 9,500 kwa siku 630 ni wastani wa kilomita 15 kwa siku. Mama wa Minago anayekwenda sokoni na beseni kichwani angeweza kushindana na gari lile. Hapakuwa na barabara. Mafuta yalitangulizwa na wapagazi. Penye mito na mchanga gari lilivutwa kwa kamba na mikono ya Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye historia hiyo.

Pamoja na hayo, Graetz alijua kwamba yuko majaribioni. Alitazamia kuvunjikiwa. Aliyepanda gari lile alikuwa amekubali hatari yake. Hilo ndilo linalomtofautisha na abiria wa leo anayetoka Mugina na magunia yake.

Pasaka ya vumbi na tope

Wengi wetu tuliokulia Tanzania tunazikumbuka hadithi za Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi wake hawakutaka magari yazunguke uwanjani. Walitaka yapite kwenye barabara tunazopita sisi, wakati wa masika, kwa umbali ambao baadaye ulifika kilomita kama 5,000. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei yake dukani na hayakuruhusiwa kubadilishwa sana. Gari lililoshindana lilikuwa lilelile ambalo daktari au mwalimu angeweza kulinunua.

Matokeo yalikuwa hukumu ya wazi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Katikati ya hapo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell waliokuwa wakishindana kutoka Tanzania walishinda kwa gari la aina hiyohiyo. Wafanyabiashara wa usafiri walisoma magazeti na wakaelewa. Haikuchukua muda Peugeot, hasa 504 iliyofuata, ikawa teksi ya masafa marefu katika nchi nyingi za Afrika.

Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho nchini Kenya, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, gari ambalo lilikuwa limekwisha kutumika kwenye mashindano kabla hajalipata. Alilijua kila boliti. Wajapani nao walileta Datsun mwaka 1963, wakaendelea kuja mwaka hadi mwaka, wakitazama kinachovunjika na kurudi nacho kiwandani. Mwaka 1970 Datsun ilishinda, ikashinda tena 1971 na 1973.

Ikumbukwe kwamba magari mengi yanayobeba abiria kwenye ufuko wetu leo ni ya Kijapani. Sifa ya uimara tunayoyapa haikushuka kutoka mbinguni. Ilipatikana kwa miaka mingi ya kuvunja, kuhesabu na kurekebisha.

Kwenye barabara yetu

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Gari linaloingia Burundi kupitia bandari ya Dar es Salaam limekwisha kutembea miaka mingi huko Asia. Usukani wake uko kulia, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Spea alizofungiwa kiwandani zilikuwa zimejaribiwa. Lakini zile zimekwisha. Zilizo chini ya gari sasa zimetoka dukani, sokoni au kwenye gari jingine lililokufa. Jina lililoandikwa kwenye bodi ni la kampuni iliyojaribu gari lake, bali miguu ni ya mtu asiyejulikana.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda gari Nyanza-Lac nikirudi nyumbani. Tulikuwa abiria saba kwenye gari la watu watano, na nyuma mlikuwa na madumu ya mawese na gunia la mchele. Tulipofika penye watu wengi kando ya barabara dereva alipunguza mwendo. Pale pale tulisikia mlio kama wa ubao kuvunjika, na upande wa mbele kushoto ukaanguka. Tairi lilikuwa limelala chini ya bodi. Madumu mawili ya mama mmoja yalipasuka, mafuta yakatiririka hadi mtaroni. Yule mama hakulia. Alikaa juu ya jiwe na kuhesabu kwa vidole deni lake.

Dereva aliapa kwamba bolijointi ile ilikuwa na wiki tatu tu. Aliinunua ikiwa mpya, ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni kubwa. Fundi aliyekuja na pikipiki aliifungua mbele yetu. Grisi ilikuwa kidogo sana, na kikombe kinachoshika mpira wa chuma kilikuwa kimepanuka kama bakuli la bati.

Nikamuuliza, "Fundi, kitu kama hiki hujaribiwa wapi?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, kimejaribiwa hapa. Na ninyi."

Jibu hilo sijalisahau. Wale wa mwaka 1907 walilipwa au walijitolea kujaribu. Sisi tunalipa nauli ili tujaribu spea za watu, bila kuambiwa, tena tukiwa na watoto mapajani. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na bolijointi ya bei ya kutupa haivunji upishi peke yake.

Barabara nayo ina sehemu yake. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga upya kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge, zinazopita hapa Minago, pamoja na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, lami nzuri haiponyi miguu mibovu. Inaongeza mwendo tu, na kiungo kilichochoka kikikatika kwenye mwendo mkubwa madhara yake ni makubwa zaidi.

Dakika kumi za jeki

Fundi yeyote anaweza kukagua miguu ya mbele kwa dakika kumi, na msafiri mwenye gari la kukodi kila wiki ana haki ya kuomba jambo hilo lifanyike mbele yake.

Kwanza, gari lipigwe jeki mpaka tairi la mbele liache ardhi, kisha liwekewe gogo au kigingi, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Tairi lishikwe kushoto na kulia na kutikiswa. Likicheza, tazama tairodi. Lishikwe juu na chini. Likicheza, tazama beringi au bolijointi. Kisha mtaimbo uingizwe chini ya tairi na kuinuliwa polepole. Ukiona kiungo kinapanda na kushuka, bolijointi imekwisha, hata kama dereva anasema itafika Bujumbura.

Pili, gari likiwa chini, bonyeza kona moja ya boneti kwa nguvu na kuachia. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kucheza, shokapu imekufa na springi inafanya kazi peke yake.

Tatu, tazama matairi yenyewe. Tairi lililolika upande mmoja tu linatoa taarifa: ama bushi zimekwisha, ama magurudumu hayajanyooshwa. Kubadilisha tairi bila kutibu sababu ni kupoteza fedha.

Nne, tusisahau uzito. Springi ya gari dogo imepimwa kwa watu watano na mizigo kiasi. Kila gunia la ziada ni sawa na kuukunja ule waya wa darasani kwa pembe kubwa zaidi. Utakatika mapema.

Daftari la wafanyabiashara

Nina pendekezo moja kwa vyama vya madereva na vya akina mama wanaovuka mpaka. Anzisheni daftari. Kila spea ya miguu inapofungwa, andikeni tarehe, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, aina ya spea, duka lilikonunuliwa na bei. Inapokufa, andikeni tena tarehe na kilomita. Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulitunza daftari hilo.

Baada ya mwaka mmoja, mtu akitaka bolijointi hataulizia boksi zuri. Atafungua ukurasa na kuona kwamba ya duka hili ilitembea kilomita 2,000 na ya duka lile 30,000. Muuzaji wa spea za bandia hatahitaji kukamatwa na mtu, kwa sababu wateja watapita mlangoni kwake bila kusimama. Na yule anayeuza kitu halali kwa bei ya juu kidogo atapata heshima anayostahili.

Hivyo ndivyo wale wa maili 15,000 walivyofanya: waliendesha, walihesabu, waliandika, na walionyesha. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na kalamu na wakaguzi wasiopendelea mtu. Barabara yetu kati ya Bujumbura na Mugina inavichosha vyuma kila siku, na gharama ya jaribio hilo tumekwisha kuilipa kwa madumu yaliyopasuka na kwa mifupa ya watu. Kilichobaki ni kuyaandika matokeo, ili atakayepanda gari kesho ajue anakalia nini.